Kabla Hujanunua Chupa Nyeusi: Asidi ya Humiki na Udongo wa Ufuo wa Nam Lolwe

Mvua ndefu zinapokaribia, rafu za maduka ya pembejeo kuzunguka soko la Kibuye, Ahero, Luanda hadi Homa Bay hujaa chupa za maji meusi. Lebo inasema ni asidi ya humiki. Inasema pia kwamba maji hayo yatarudisha rutuba, yatapunguza matumizi ya mbolea kwa nusu na kufufua udongo uliochoka. Bei yake si ya mchezo, mwenye duka anaongea kwa uhakika, na mkulima amesimama pale na hela za msimu mzima mfukoni, zile zile zinazosubiriwa na karo ya shule. Anunue au asinunue?

Wakulima wengi wameniuliza swali hilo, na jibu langu ni moja: chupa ile inaweza kukusaidia kupata mizizi mizuri, lakini haiwezi kukuletea udongo mzuri. Hayo ni mambo mawili, na muuzaji akiyachanganya anayeumia ni mnunuzi. Nitaeleza kwa nini, kisha nionyeshe namna mkulima wa ufuo huu wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, anavyoweza kupata vyote viwili kwa gharama nafuu, maana malighafi yenyewe inaelea mbele ya macho yetu.

Tuanze na kilichomo ndani ya chupa. Majani, mizizi, samadi na wadudu waliokufa vinapooza, sehemu kubwa huliwa na vijidudu na kurudi hewani kama gesi. Kinachosalia ni mboji, ile mali nyeusi yenye harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ukiloweka mboji katika maji ya alkali, weusi wake huyeyuka. Ukiyachuja maji hayo na kuyatia asidi kali, chembe za kahawia iliyokolea hujikusanya na kutuama chini. Chembe hizo ndizo asidi ya humiki. Zile zinazobaki zimeyeyuka hata baada ya kutiwa asidi huitwa asidi ya fulviki. Si ugunduzi mpya: mwanakemia Mjerumani Franz Achard alifanya hivyo mwaka 1786 kwa udongo mweusi wa kinamasi. Akina mama wa magharibi mwa Kenya wanaochuja maji ya majivu kulainishia mrenda na kunde wanaifahamu alkali hiyo vizuri, ingawa wao wanaitumia jikoni.

Bidhaa nyingi za dukani hazitokani na mboji ya shambani. Hutokana na leonadaiti, aina ya makaa laini ya mawe yaliyoliwa na hewa kwa muda mrefu, yanayochimbwa nchi za mbali. Makaa hayo husagwa na kupikwa na alkali ya potasiamu, na matokeo yake ni humeti ya potasiamu, ya maji au ya chengachenga nyeusi zinazong'aa. Si sumu, wala si uongo. Ni kitu halali chenye kazi yake.

Sasa chukua kalamu. Udongo wa ekari moja, kina cha sentimita 15 tu ambacho jembe hugeuza, una uzito wa takriban tani 900. Ukitaka kuongeza mboji katika udongo huo kwa asilimia moja peke yake, unahitaji tani 9 za mboji halisi, mbali na maji na mchanga uliochanganyika nayo. Chupa ya lita moja yenye humiki asilimia 12 ina gramu 120. Ukimwaga lita mbili kwa ekari umeweka gramu 240. Tani mbili za mboji ya kawaida, yaani magunia 40 ya kilo 50, hata ukiondoa maji na udongo uliomo, huacha kama kilo 400 za mali ya asili. Hiyo ni zaidi ya mara 1,600 ya kilichotoka kwenye chupa. Kwa hiyo anayekuambia lita mbili zitarudisha rutuba ya ekari yako, muulize gramu 240 zitajificha wapi ndani ya tani 900.

Hata hivyo, gramu hizo si bure. Zinafanya kazi kwa njia nyingine: huuchochea mmea wenyewe. Mwaka 2002 watafiti wa Brazil wakiongozwa na Luciano Canellas walionyesha kwamba asidi ya humiki iliyotolewa kwenye mbolea ya minyoo iliifanya mizizi ya mahindi itoe matawi mengi zaidi na kuzipa nguvu pampu ndogo za kwenye utando wa seli zinazosaidia kuvuta virutubisho. Mwaka 2014 Michael Rose na wenzake walikusanya majaribio mengi ya dunia nzima na kupata kwamba kwa wastani uzito wa sehemu ya juu ya mmea uliongezeka kwa asilimia 22 na mizizi kwa asilimia 21. Takwimu hiyo ndiyo wauzaji hupenda kuitaja. Wasichokitaja ni kwamba sehemu kubwa ya majaribio hayo ilifanywa kwenye vyungu na vibanda vya vioo, kwamba matokeo yalitofautiana sana kulingana na chanzo cha humiki, kiasi kilichotumika na, kwa kadiri ndogo, aina ya mmea na mazingira yake, na kwamba wastani una waliopata sana na wasiopata kitu. Shamba la Nyakach lenye gugu la kayongo (striga) na jua la Februari si chungu cha maabara.

Jambo lingine limebadilika katika elimu ya udongo, nalo linamhusu mkulima moja kwa moja. Mwaka 2015 Johannes Lehmann na Markus Kleber waliandika katika jarida la Nature kwamba zile molekuli kubwa za humiki zinazodumu udongoni karne kwa karne hazijathibitika kuwepo. Ni alkali ya maabara inayozitoa katika sura ile. Kilichomo udongoni ni vipande vya mimea na vijidudu vinavyozidi kusagwa, vingine vikishikwa na chembe za mfinyanzi, vyote viko safarini kuelekea kuliwa. Maana yake ni kwamba mboji haiwekwi mara moja ikakaa. Hupungua kila siku, na katika joto letu hupungua upesi. Majaribio ya muda mrefu yaliyofanyika Siaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionyesha hivyo hivyo: hata mashamba yaliyotiwa samadi kila msimu yalizidi kupoteza kaboni, ila polepole kuliko yale yasiyotiwa kitu. Ukweli huo unauma. Lakini ni afadhali kuujua kuliko kuamini kwamba chupa mbili zimemaliza kazi.

Kabla ya kununua chochote, basi, jua unasimama juu ya udongo gani. Ufuo wetu hauna udongo mmoja.

Uwanda wa Kano, kuanzia Ahero hadi kingo za mto Nyando, una ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonasa gari wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Udongo huu tayari unashika virutubisho vizuri sana. Shida yake ni maji na hewa. Mizizi ya nyanya huzama kwenye tope, huoza, na mkulima hudhani ni ukosefu wa mbolea. Hapa fedha ya kwanza iende kwenye matuta yaliyoinuliwa na mitaro ya kutoa maji, ya pili kwenye mboji nyingi ya kuachanisha mfinyanzi. Chupa ya humiki haiwezi kutoboa njia ya hewa kwenye udongo uliojaa maji. Nawasihi pia wakulima wa Kano: msitumie magadi kutengenezea maji ya humiki nyumbani. Magadi yana sodiamu, na sodiamu huufanya mfinyanzi uvurugike ukiwa na maji na uwe mgumu kupindukia ukikauka. Kuna sehemu za uwanda huo ambako chumvi ya namna hiyo tayari ni tatizo, na maji ya visima kadhaa huiongeza.

Ukipanda kuelekea Maseno na Seme ya juu unakutana na udongo mwekundu wenye asidi. Huko adui ni aluminiamu inayoyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 na kuzikunja ncha za mizizi, pamoja na madini ya chuma yanayokamata fosforasi ya mbolea ya DAP kabla mahindi hayajaionja. Asidi ya humiki ina msaada hapa, kwa sababu huishika aluminiamu na kugombea nafasi na fosforasi juu ya madini yale. Ila msaada huo ni mdogo ukiulinganisha na chokaa ya kilimo. Na chokaa tunayo jirani kabisa, inachimbwa Koru, katika kaunti ya Kisumu. Mwenye shamba lenye pH ya 5 akiacha chokaa akanunua humiki ameruka hatua.

Halafu kuna mchanga: Uyoma, Asembo, sehemu za Karachuonyo na Mbita karibu na maji, ambako vijana wanapiga pampu ziwani na kumwagilia tikiti maji, nyanya na sukuma wiki. Mchanga haushiki kitu. Mbolea ya leo kesho iko chini ya mizizi. Kwa wakulima hawa naweza kusema bila kusita kwamba humiki kidogo kidogo kupitia mipira ya matone au kwa kopo kwenye shina inaweza kulipa, mradi mboji imetangulia shimoni. Maji ya ziwa letu ni laini, hayana chokaa nyingi, hivyo hayaifanyi humiki igande. Ni faida isiyotajwa sana.

Pima udongo. Afisa wa kilimo wa wadi atakuelekeza maabara iliyo karibu, na taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ina vituo Kibos na Kakamega. Chukua udongo kwa jembe kutoka pembe kadhaa za shamba, changanya kwenye ndoo safi, toa robo kilo. Usichukue kichuguuni wala palipokuwa na boma la ng'ombe.

Nimefika kwenye kile kinachoelea. Gugu maji liliingia ghuba ya Winam mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo tumelilaani, tumeliletea wadudu wa kulitafuna, tumelitolea mashine, na bado upepo ukigeuka linaziba Dunga, Usoma na Kendu Bay kwa usiku mmoja. Linanenepa kwa nitrojeni na fosforasi iliyosombwa kutoka mashamba yetu ya miwa, mahindi na mpunga na kutoka mifereji ya mji. Rutuba ya Nyando na Nandi imelala pale juu ya maji, imechanua maua ya zambarau. Kuirudisha shambani ni haki yetu, nami naamini hakuna chupa inayoweza kushindana nayo kwa bei.

Lakini kuna masharti, na nitayataja kwa urefu kwa sababu watu wameumia.

Usilivune karibu na mdomo wa mto Kisat wala mfereji wowote unaotoa maji ya viwanda na vyoo vya mji. Gugu hili hunyonya madini mazito, na mengi hukaa kwenye mizizi. Vuna mbali na mji, kisha kata ile mizizi myeusi yenye nywele na uiache. Chukua majani na vikonyo. Vaa gambuti na glavu ndefu, maana konokono wanaobeba kichocho hupenda kujishikiza chini ya majani yake, na nyoka nao hupumzika humo. Usiingie majini jioni wala alfajiri palipo na viboko. Ukilitoa, litandaze juani mbali na maji hadi linyauke kabisa. Asilimia 90 hadi 95 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo tani nzima iliyokuvunja mgongo itakuachia kati ya kilo 50 na 100 tu za mali kavu. Ndiyo sababu ya kulikaushia pale pale ufuoni, juu ya mawe, kabla ya kumlipa mwenye mkokoteni.

Lundo lijengwe hivi. Weka chini mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa au majani makavu ya mpunga, ya kutosha kupitisha hewa. Juu yake magunia matatu ya gugu lililonyauka, magunia mawili ya mabua au majani makavu, gunia moja la samadi mbichi ya ng'ombe au mbuzi, na konzi chache za udongo wa juu kutoka chini ya mti mkubwa. Majivu kidogo tu. Ukizidisha, nitrojeni hupaa kama harufu kali ya mkojo na mali yako imeondoka. Ukiishi karibu na Obunga au ufuo wowote wenye mifupa na matumbo ya samaki, yazike katikati ya lundo, vinginevyo mbwa wa mtaa mzima watahamia kwako. Rudia tabaka hizo hadi lundo lifike urefu wa mtu mzima kiunoni au zaidi, na upana wake usipungue mita moja na nusu. Lundo dogo halipati joto, na bila joto mbegu za gugu maji hubaki hai. Mbegu hizo huweza kukaa miaka mingi zikisubiri maji, na mkulima wa mpunga wa Ahero hataki kuzikaribisha kwenye majaruba yake.

Chomeka fimbo ndefu katikati. Siku chache baadaye ichomoe na uishike ile sehemu ya ndani: ukishindwa kuishikilia kwa sababu ya joto, vijidudu wako kazini. Fimbo ikiwa baridi na kavu, mwagia maji. Ikiwa baridi na inanuka, ongeza mabua, maana hewa imekosekana. Geuza lundo likianza kupoa, nje iingie ndani, ili kila sehemu ipite kwenye joto la nyuzi 55 au zaidi. Chukua konzi moja uiminye: yatoke matone mawili matatu ya maji, si zaidi. Baada ya miezi miwili hadi mitatu hutatambua tena kipi kilikuwa kikonyo na kipi kilikuwa kinyesi. Itakuwa nyeusi, inachambuka, haina joto wala uvundo.

Wenye alizeti mwitu kwenye ua, ile yenye maua ya njano kando ya barabara nyingi za Siaya na Vihiga, wasiiache nje ya hesabu. Utafiti uliofanywa Maseno miaka ya 1990 ulionyesha kwamba majani yake makavu yana takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni na 4 ya potasiamu, na huoza upesi sana. Yakate mabichi, yatie lunduni au moja kwa moja kwenye mfereji wa mbegu wiki moja kabla ya kupanda. Nao walio kwenye ukanda wa miwa, Kibos, Chemelil na Muhoroni, waulizie lile tope jeusi linalobaki kiwandani baada ya maji ya miwa kuchujwa. Lina fosforasi na mali ya asili kwa wingi, ila liozeshwe kwanza.

Ukitaka kupata humiki yako mwenyewe, ipitishe mboji iliyopoa kwa minyoo wekundu. Sanduku la mbao kivulini, miguu yake imesimama kwenye mikebe ya maji ili siafu wasipande, wavu juu kwa ajili ya kuku. Minyoo wakishaila, kilo moja ya mbolea yao iloweke kwenye lita kumi za maji ya mvua au ya ziwa, pamoja na kikombe kimoja cha maji ya majivu yaliyochujwa. Koroga mara kadhaa kwa siku mbili, chuja kwa kitambaa, kisha zimua kwa maji hadi ifikie rangi ya strungi nyepesi. Maji ya majivu yakiwa makali huunguza ngozi na mizizi, kwa hiyo usiongeze kwa kudhani zaidi ni bora. Mimina kwenye udongo, si juu ya majani ya sukuma au saladi, kwani kilichotoka kwenye samadi chaweza kubeba vijidudu vya kuhara. Hii haitakuwa na nguvu sawa na ya kiwandani, lakini ndiyo jamii ya humiki iliyotumika katika jaribio la Brazil, na mnyoo halipishi.

Bado unataka chupa? Sawa. Inunue kwa macho. Baada ya kashfa ya mbolea feki ya mwaka 2024, iliyowaacha wakulima wa nchi hii na magunia ya vumbi na mchanga, hakuna anayepaswa kuona aibu kuuliza maswali dukani. Tafuta kwenye lebo asilimia ya humiki, jina la mtengenezaji, tarehe, alama ya ubora ya KEBS na kiasi cha kutumia kwa ekari. Lebo isiyo na asilimia irudishe. Chukua risiti. Ukiwa na chengachenga, tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji na ukoroge: humeti ya kweli huyeyuka na kuyafanya maji kuwa meusi, ikiacha mashapo machache. Ikituama yote chini, hayo ni makaa yaliyosagwa tu. Ikiwa ni ya maji, zimua tone moja kwenye glasi kisha kamulia ndimu mbili tatu. Humiki huelekea kujikusanya vipande vya kahawia, wakati rangi au molasi hubaki vile vile. Ndimu ni dhaifu kuliko asidi ya maabara, kwa hiyo ichukulie kama dalili, usiifanye hukumu.

Usiichanganye ndani ya pampu moja na mbolea yenye kalsiamu wala dawa za kopa. Itaganda na kuziba mdomo wa pampu, na utapoteza vyote viwili. Ianzishe kitaluni, kwa sababu hapo gramu chache hugusa mizizi mingi: mwagia miche ya sukuma, kabichi au nyanya siku kadhaa kabla ya kuihamisha, na mara moja tena baada ya kuihamisha. Kwa mahindi, changanya kidogo na mbolea ya kupandia shimoni. Kunyunyizia shamba zima la mahindi marefu ni kumwaga fedha.

Na usiniamini mimi, wala muuzaji. Tenga mistari mitatu inayofuatana, yenye mbegu moja, siku moja. Wa kwanza utie mbolea yako ya kawaida. Wa pili mbolea ile ile na mboji. Wa tatu mbolea, mboji na humiki. Rudia mistari hiyo upande mwingine wa shamba, maana mteremko na kichuguu hudanganya. Mimea ikifikia magotini, chimba mmoja katika kila mstari kwa uma, usiung'oe, na uoshe mizizi yake taratibu kwenye karai la maji. Itandaze juu ya gunia jeupe. Tazama mizizi midogo ya pembeni: ni mingapi, imefika wapi, ncha zake ni nyeupe au zimekunjamana na kuwa kahawia? Mzizi uliokunjika unakuambia urudi kwenye chokaa. Mzizi mweusi unaoteleza unakuambia utoe maji shambani. Mzizi mwingi na mweupe katika mstari wa tatu kuliko wa pili unakuambia chupa imefanya kazi kwako. Mavuno ya kila mstari yapime kwa debe lile lile, kisha toa gharama ya chupa. Mstari wa tatu ukishindwa kuulipa mfuko wako, acha chupa dukani msimu ujao bila huzuni.

Kwa wanaolima mahali penye kayongo, neno moja zaidi: humiki haiui gugu hilo. Njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na matete pembeni, iliyobuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE na washirika wake pale Mbita, hulidhibiti na kuongeza nitrojeni kwa wakati mmoja, na masalia yake yote ni chakula cha udongo.

Mpangilio wa fedha yako, basi, uwe hivi: pima, weka chokaa au toa maji kulingana na ulichokuta, jaza mboji, ongeza mbolea ya dukani kwa kipimo, na chupa nyeusi ije mwisho kwa kiasi kidogo.

Nina ombi kwa kamati za fuo na kwa serikali za kaunti tano zinazopakana na ziwa, kuanzia Busia na Siaya hadi Kisumu, Homa Bay na Migori. Gugu maji linalotolewa kwa mashine na kwa mikono ya vibarua hurundikwa ukingoni, na mvua ya kwanza hulirudisha majini. Tengeni uwanja wa kulikaushia katika kila ufuo, wekeni siku ambayo wakulima wanaweza kuja na mikokoteni yao, na pimeni sampuli za madini mazito ili watu wajue lipi ni salama. Nawe mkulima, usisubiri kaunti. Januari na Februari ndiyo miezi ya jua kali la kukausha. Lundo litakalojengwa wakati huo litakuwa tayari kwa kunyunyizwa kwenye shina mvua zitakapokolea, na litakalojengwa mwezi wa Septemba litawahi mashimo ya Machi.